FUNDI AC KANIAMBIA "HILO NI JOTO LA DAR, SIYO LA GARI"!!! Baada ya kula 80,000 yangu!!!

Wakuu, sina salamu. Salamu zimeyeyukia Buguruni.

Nimeingia ndani sasa hivi, shati nimelitundika kwenye kamba linadondosha maji kama nimetoka kubatizwa. Ni yule fundi AC wa Ilala. Simtaji, mnamjua wote: yule anayetembea na mipira ya geji za kupimia gesi shingoni, mwekundu na wa bluu, kama daktari wa zamu.

Eti hilo ni joto la Dar. Ananiambia MIMI. Mtu niliyezaliwa Temeke, nikalelewa chini ya bati lisilo na dari!

Iko hivi. Toyota IST yangu ilianza kupuliza uvuguvugu wiki iliyopita. Ijumaa nikampelekea. Hakufungua kitu, hakupima kitu, na zile geji zake zilibaki shingoni kama cheni. Kainamisha kichwa akasikiliza injini, kasema "gesi imeisha bosi", kachomeka kopo, likalia sssss dakika tano. Baridi ilikuja, sisemi uongo, mpaka nikafunga kifungo cha juu. Nikatoa 80,000. Nikamwongeza na ya soda. YA SODA wakuu!

Leo nimempokea mama mkwe stendi ya Mbezi. Katoka Moshi, kavaa sweta. Nikajitapa: "Mama, pandisha kioo, humu ndani Moshi inafuata nyuma." Kufika Kimara, uvuguvugu. Kufika Ubungo, tanuri la mikate. Buguruni foleni imekufa kabisa, mama kavua sweta, kavua kilemba, kajipepea na tiketi ya basi mpaka ikachanika. Mwisho kasema kwa ule upole wa wakwe: "Baba, hiyo mashine yako izime kwanza, tupate hewa."

Nikampigia fundi. Na kwa kiherehere changu nikaweka spika, mama asikie mkwewe anavyojua kufoka. Jamaa kanijibu taratibu, anatafuna kitu: "Kaka, mimi kazi yangu nilimaliza Ijumaa. Hilo ni joto la Dar, siyo la gari. Fungua vioo." Kakata.

Mama mkwe kasikia kila neno. Katazama nje ya dirisha, kasema: "Mkweli huyo."

MKWELI HUYO!!! Joto la Dar, na mkweli huyo, ndani ya gari ninaloliwekea mafuta mimi!

Nauliza tu, mtu wa namna hii anafanywaje?

Chuma Chakavu: Pole mkuu. Gesi ya AC siyo petroli, haiishi kwa kutumika, inazunguka humo humo. Ikipungua ujue inavuja. Alipaka povu la sabuni kwenye maungio? Alitafuta madoa ya oili kwenye kondensa, ile kama rejeta ya AC kule mbele? Alivuta hewa kwa pampu nusu saa kabla ya kujaza?

Mleta uzi: Alichovuta ni sigara. Yangu.

Dada wa Tandika: Mimi niko upande wa mama mkwe. Hajambo lakini?

Mleta uzi: Yuko barazani anawasimulia majirani. Wamefika kwenye "joto la Dar", nasikia vicheko mpaka huku chumbani.

Chuma Chakavu: Taa ya kitufe cha AC inawaka tu au inapepesa?

Mleta uzi: Inapepesa. Toka Kimara. Nikajua ndiyo inajitahidi.

Chuma Chakavu: 😂😂 Mkuu, Toyota nyingi taa ikipepesa maana yake gari limeona hitilafu, limezima kompresa, ile pampu ya AC, lenyewe. Toka Kimara ulikuwa unapulizwa na feni tupu. Kawashe sasa, shika lile bomba nene la AC kwenye injini. AC ikiwa haina tatizo linakuwa la baridi, linatoa jasho. Halafu angalia klachi ya kompresa, kile kisahani cha mbele, kama kinanasa na kuzunguka. Na feni ya kondensa pia, hiyo ikifa AC inapoa ukiwa mwendo, ukisimama foleni unachemka.

Mleta uzi: Bomba halitoi jasho. Ninayetoa jasho ni mimi.

Panya Road Mstaafu: Kwa hiyo gari limekupepesea macho kutoka Kimara hadi Buguruni hukuelewa? Ndoa yako ina kazi.

Baba Mapacha: Afadhali yako. Mimi nilijaziwa gesi ya jikoni, ile ya mtungi. Baridi ilikuwa safi hasa! Fundi wa pili kaja kuinusa, kaniuliza kama nina bima ya maisha. Nilishuka nikiwa bado kwenye mwendo.

Dada wa Tandika: Mafundi wote baba yao mmoja. Wangu wa cherehani, harusi Jumamosi, leo kaniambia kitambaa "kimejificha". Mita tano zimejificha wapi kwenye kibanda cha mlango mmoja?

Mama Kijacho: Huyo si yule wa karibu na msikiti, mwenye futi ya kamba sikioni? Wangu sare yangu alimshonea mkewe. Nilimwona kanisani, kwenye foleni ya komunyo, kaivaa!

Panya Road Mstaafu: Fundi yuko karibu na msikiti, mkewe yuko komunyo. Endelea mama, tunakusikiliza.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye AC. Kesho asubuhi namrudisha mama stendi, na huyu fundi bado ana neno lake la joto la Dar...

Baba Mapacha: Mkuu fungua vioo, subiri kidogo. Mama Kijacho, ulimwambia kitu au ulipokea ukakaa?

Mama Kijacho: Nilipokea kwanza. Nje nikamshika mkono, nikamwambia shemeji, hiyo nguo ina vipimo vyangu. Kanijibu: "Ndiyo maana inanibana kifuani."

Dada wa Tandika: WEWE!!! Anzisha uzi wako, tunahamia huko.