Gmail, Outlook au Thunderbird: ipi inafaa ukitaka kusoma imeili kwa kibodi tu?

Mkazi_Shangani:
Wadau habari za jioni. Niko Mtwara mjini, ofisi ya uwakala wa forodha, na msimu wa korosho ukianza mnajua wenyewe, imeili zinaingia mfululizo, hati za mzigo, namba za makontena, mnunuzi anauliza meli imefika au bado. Sasa kiganja cha kulia kinauma kwa kushika mausi kutwa nzima, jana nimeshindwa hata kukamua ndimu. Nataka nifanye kila kitu kwa kibodi. Ofisini wameniachia nichague mwenyewe kati ya hizo tatu. Mliozitumia naomba mnisaidie, sio za kusikia.

Mkorosho_Newala:
Gmail mkuu. Ila kwanza iwashe, inakuja imezimwa, ingia mipangilio yote, tafuta mikato ya kibodi, washa, halafu shuka mpaka chini kabisa usevu, wengi wanaishia njiani hapo wanasema haifanyi kazi. Ukishawasha, j unashuka, k unapanda, o unafungua, u unarudi kwenye orodha, r unajibu, e inaitoa inboksi bila kuifuta. Papasa kibodi yako, herufi j ina kinundu, kidole cha shahada cha kulia makao yake ndio hapo, kwa hiyo mkono hausogei kabisa. Ukisahau bonyeza alama ya kuuliza, zote zinatokea kwenye skrini.

Mwambao_Lindi:
Mie natetea Outlook. Ni kweli nyingi zinataka Ctrl, vidole viwili, lakini ndio usalama wenyewe. Gmail ukidhani uko kwenye boksi la kuandika kumbe haupo, kila herufi ni amri. Nilikuwa naandika jina la mteja, linaanza na e, imeili yake ikatoka inboksi nikaitafuta nusu saa nzima na yeye yuko kwenye simu ananisubiri. Outlook Ctrl+R kujibu, Ctrl+N mpya, Ctrl+Q imesomwa, Ctrl+Shift+V kuihamishia folda. Angalia kitu kimoja tu, Ctrl+F humo sio kutafuta, ni kufowadi! Kutafuta ni Ctrl+E.

Mkorosho_Newala:
Pole ndugu yangu, ungebonyeza z palepale ingerudi.

Sauti_ya_Masasi:
Naomba nichangie. Mimi sioni, natumia NVDA, programu inayonisomea skrini kwa sauti, kwa hiyo mausi sijawahi kuitumia na kibodi ndio macho yangu. Gmail inagombana na NVDA, maana kwa NVDA k ni kurukia linki na e ni kwenda kwenye sehemu ya kuandikia, nikibonyeza k inadakwa kabla Gmail haijaipata. Lazima kwanza Insert na spesi nibadili hali, ndio herufi zinapita. Inawezekana ila ukisahau uko hali gani unapotea. Thunderbird imetulia, mshale wa chini nasomewa mtumaji na kichwa cha imeili, n inanipeleka kwenye ambayo haijasomwa, f inayofuata, b iliyotangulia, Ctrl+R kujibu. Na imeili zinashuka zinakaa kwenye kompyuta, mtandao ukikata bado nasoma za jana na juzi. Kaka wa Shangani, wewe unaona, lakini jaribu kugeuza mausi kichwa chini siku nzima, utajua ipi inakufaa.

Mkazi_Shangani:
Dada wa Masasi asante sana, hilo la mtandao kukata ndio limenimaliza. Naanza na Thunderbird kesho.

Mkazi_Shangani:
Wadau nimerudi, msaada wa haraka. Nyumbani natumia Gmail nilishawasha zile za Newala, vidole vimezoea. Leo ofisini kwenye Thunderbird nimebonyeza j nishuke, j tena, j tena, imeili haziendi nilikotaka na tatu zimewekwa alama ya moto, moja ina hati za meli inayofunga gati Jumamosi!!

Sauti_ya_Masasi:
Usifute chochote. Thunderbird j maana yake hii ni takataka. Zichague zote tatu, kama zimehamia folda ya takataka zifuate hukohuko, halafu Shift+J.

Mkorosho_Newala:
Hili kosa langu, ningekuonya. Herufi zilezile kazi tofauti. f Gmail ni kufowadi, Thunderbird ni inayofuata. a Gmail ni kujibu wote, Thunderbird ni kuhifadhi kwenye kumbukumbu. Zile j na k Gmail ilizikuta, zilikuwepo toka enzi za vi, programu ya kuandikia maandishi ya Bill Joy, 1976, watu wa kompyuta wamezizoea miaka mingi, Thunderbird wakaenda njia yao. Chagua moja utumie nyumbani na ofisini.

Mwambao_Lindi:
Au Outlook ya kwenye brauza, kwenye mipangilio unaweza kuiambia ifuate herufi za Gmail, vidole havisumbuki.

Mkazi_Shangani:
Zimerudi zote tatu, hati nimeshazituma bandarini. Nabaki Thunderbird, na nyumbani naiweka hiyohiyo. Nimegundua pia Ctrl+Enter inauliza kwanza kabla ya kutuma, kuna kiboksi cha kuzima hilo swali, nimekiacha.