Mjadala: Dokumentari ya mhadhiri wa mawasiliano ihesabiwe sawa na makala ya jarida anapoomba kupanda cheo?

Mzalishaji
Wakuu, naweka hoja. Mhadhiri wa uandishi wa habari akiomba uhadhiri mwandamizi, kamati hutazama kwanza majarida na vitabu. Kipindi cha redio kilichofanyiwa utafiti miezi sita kinatupwa kwenye fungu la huduma kwa jamii. Wakati huohuo tunataka wanafunzi wajifunze utangazaji kwa vitendo. Ndiyo maana Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina Mlimani TV na Mlimani Radio. Anayewafundisha kazi hiyo akiifanya vizuri, ipewe alama za utafiti. Marekani, ACEJMC, baraza la ithibati la shule za uandishi wa habari, huzitambua kazi za ubunifu na za kitaaluma sambamba na utafiti.

Mhakiki
Sawa kwa sawa, hapana. Makala ya jarida husomwa na wahakiki wawili au watatu wanaouliza sampuli ilipatikanaje na data inabeba hitimisho au la. Mhariri wa kituo anauliza mambo mengine: tutashtakiwa? inaenea kwenye nafasi ya nusu saa? Halafu kuna mpiga picha, mhariri wa picha na msimulizi. Alama apewe nani?

Mtunza majalada
Hayo yana utaratibu. Uingereza, katika tathmini ya utafiti ya vyuo vikuu, REF 2021, filamu na kazi za sauti zilipokelewa, na kazi isiyoonyesha utafiti wake waziwazi iliambatanishwa na maelezo yasiyozidi maneno 300. Vipimo vilikuwa upya wa jambo, uzito wake na umakini wa utafiti.

Jalada linalosimama mbele ya kamati lina swali la utafiti, kibali, fomu za ridhaa, orodha ya waliohojiwa (na walioachwa, pamoja na sababu), faili kamili la video, na barua ya kituo yenye tarehe na saa ya kurushwa. Karatasi ya mgawanyo wa kazi isainiwe na wote kabla ya kurushwa. Baada ya hapo kila mtu hudai yeye ndiye mwongozaji.

Majalada yanakwama wapi? Mtu anawasilisha kiungo cha YouTube pekee. Siku ya kikao video imezuiwa kwa hakimiliki ya muziki, na kituo hakikuhifadhi nakala. Kosa baya zaidi ni maneno 300 yanayosimulia filamu inahusu nini, bila kusema imegundua nini ambacho hakikujulikana.

Mzalishaji
Nakubali jalada hilo. Ila Mhakiki, usiyape majarida utakatifu. Alama zikihesabiwa kwa idadi, watu wanakimbilia majarida ya kitapeli: unalipa ada, makala inakubaliwa ndani ya siku chache, hakuna aliyeisoma. Orodha ya Jeffrey Beall iliyokuwa ikiyataja iliondolewa mtandaoni Januari 2017, na kamati nyingi bado zinaangalia ISSN, namba ya utambulisho ya jarida, kana kwamba namba hiyo inathibitisha ubora. Haithibitishi, ni kitambulisho tu. Azimio la San Francisco la 2012 kuhusu tathmini ya utafiti, DORA, linataka kazi ipimwe kwa maudhui yake, si kwa jina la jarida.

Mhakiki
Hapo kwenye utapeli tuko pamoja, na dawa yake ni kuisoma kazi yenyewe. Basi dokumentari nayo itazamwe na watathmini wawili wa nje, mmoja mtafiti wa mada na mwingine mtu wa uzalishaji, kila mmoja aandike ripoti akitaja dakika na sekunde anazozungumzia. Sharti moja silegezi: filamu iliyolipiwa na shirika ambalo ndilo lililoidhinisha toleo la mwisho haihesabiwi. Hiyo ni kazi ya ushauri. Mlipaji alikuwa na uwezo wa kukata ushahidi usiompendeza, na mtathmini hawezi kuona kilichokatwa.

Mtunza majalada
Sharti hilo liandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo: mfadhili aruhusiwe kusahihisha makosa ya ukweli kwa maandishi, basi. Barua zake ziingie jaladani. Na watathmini watafutwe mapema, maana kanuni huwataka wawe na cheo kisicho chini ya kile kinachoombwa, na maprofesa wa mawasiliano waliowahi kuongoza filamu ni wachache. Ukimngojea wa chuo jirani pekee, jalada litalala mwaka mzima.