Mama anameza dawa za viungo kila siku: je, inawezekana kuishi bila vidonge?

Binti wa Kibokoni aliuliza:

Assalaam aleikum. Ninaandika kwa ajili ya mama yangu, mwenye umri wa miaka 64, ambaye anakaa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ya ghorofa yenye ngazi za zamani, nyembamba, na vidato virefu. Magoti yamemsumbua kwa miaka sita, la kushoto zaidi. Akipanda hutanguliza mguu wa kulia, kisha huuvuta wa kushoto ukutane nao kwenye kidato kilekile, na mahali anapojishikilia ukutani chokaa imeshaingia weusi wa kiganja chake.

Kwa miaka miwili sasa amekuwa akinunua diklofenaki dukani bila cheti cha daktari, kidonge asubuhi na kidonge usiku, juu ya dawa zake mbili za presha. Tangu Ramadhani analalamika kiungulia, na jioni nyingine naona miguu imevimba. Nikimwomba apunguze hunijibu, "Wataka nisiswali?" Wiki iliyopita jirani alimletea unga wa mitishamba katika chupa isiyo na jina, na kwa siku tatu maumivu yaliondoka yote, jambo ambalo badala ya kunifurahisha limenitia wasiwasi. Ningependa kusikia kwa waliowahi kuyakabili maumivu ya aina hii, kwa dawa au bila dawa.

Tabibu Mstaafu, Kisauni:

Waaleikum salaam, mwanangu. Umefanya vyema kutia shaka, na nitaanza na hiyo chupa. Unga unaofuta maumivu ya miaka sita kwa siku tatu mara nyingi huwa umechanganywa na dawa za hospitali, hasa deksamethasoni au predinisoloni, na mchanganyiko wa namna hiyo umewahi kugunduliwa katika nchi nyingi. Dawa hizo hupandisha sukari na presha, na zikitumika kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kuufanya uso uwe wa mviringo. Kwa kuwa ameutumia siku chache tu, auache leo. Lau angekuwa ameutumia kwa wiki nyingi, ningekwambia aende nao kwa daktari kwanza, kwa sababu mwili uliozoea dawa hizo hauachishwi kwa ghafla.

Kuhusu diklofenaki, inafaa mama aelezwe kwa nini inamdhuru, maana watu wazima hawapendi kukatazwa bila sababu. Dawa hiyo, kama ibuprofeni, huzuia mwili usitengeneze kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu, lakini kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Hivyo kiungulia, miguu kuvimba na presha kukataa kushuka vinaweza kuwa na chanzo kimoja. Tazama majina ya dawa zake za presha. Ikiwa moja ni ya jamii ya enalaprili au losatani na nyingine ni ya kukojoza, diklofenaki ikiongezwa hapo figo hubebeshwa mizigo mitatu kwa pamoja, na ni lazima apimwe damu ili ijulikane zinafanyaje kazi. Dawa za presha asiziache. Akipata choo cheusi kama lami, au akitapika damu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kisha ijulikane anaumwa nini hasa, kwa sababu jina la baridi yabisi tunalibandika juu ya maradhi mengi. Asubuhi viungo hukakamaa kwa muda gani? Vikilegea kabla ya nusu saa, na maumivu yakazidi kadiri anavyotembea, huenda gegedu la goti, ule mto laini ulio kati ya mifupa, limelika kwa umri na uzito. Vikichukua saa nzima, na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, hayo ni maradhi mengine na tiba yake ni nyingine. Kwa goti lililolika, diklofenaki ya kupaka inafaa kujaribiwa kabla ya vidonge, kwa kuwa inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Parasetamoli huwasaidia baadhi ya watu, ingawa si sana. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na akumbuke kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake.

Bakora ya Likoni:

Binti, mimi nina miaka 71 na nilifanya kazi ya kubeba na kupanga mizigo bandarini, kwa hiyo magoti yangu yalichoka mapema. Kwa miaka minne nilishika bakora upande wa goti bovu, hadi kijana mmoja wa mazoezi ya viungo katika Hospitali ya Makadara aliponiambia niihamishie mkono wa upande wa pili. Siku hiyo niliteremka kwenda kivukoni maji yakiwa yamekupwa, wakati mteremko huwa mrefu kuliko kawaida, na kwa mara ya kwanza sikusimama njiani. Mama yako anapanda ngazi sawasawa: mguu mzima hutangulia kupanda. Wakati wa kushuka mguu mgonjwa ndio utangulie, pamoja na bakora.

Zoezi lililonifaa zaidi halina gharama. Nakaa kwenye kiti, nanyoosha mguu mmoja mbele hadi paja likaze, nahesabu hadi tano, naushusha polepole, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Paja likipata nguvu, goti hupumzika. Wiki mbili za mwanzo maumivu yaliongezeka kidogo nami nikataka kuacha, lakini yule kijana alikuwa amenipa kipimo: maumivu yakiisha kabla ya kulala, endelea, na yakifika kesho yake, punguza. Vilevile nilipunguza kilo 7, hasa kwa kuachana na mahamri ya kila asubuhi na sukari ya chai (la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza). Wataalamu waliopima wanasema kila kilo inayotoka mwilini hulipunguzia goti takriban kilo nne katika kila hatua, na mimi sikuhitaji mizani ili kuamini.

Jumamosi natembea baharini maji yakinifika kifuani. Hapo bahari hubeba zaidi ya nusu ya uzito wangu, na natembea kama kijana.

Mpishi wa Majengo:

Dada yangu, naomba mama apimwe kabla hamjaamua lolote kuhusu kuishi bila dawa, kwa sababu mimi niliamua na nikajuta. Vidole vilianza kuvimba nikiwa na miaka 38, nami nikakaa miaka miwili kwa mafuta ya karafuu, tangawizi na kuchuliwa. Nilipata nafuu za jioni moja moja, huku ndani viungo vikiendelea kuliwa, na vidole viwili vilivyopinda wakati huo havikunyooka tena. Yangu ni yale maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe. Sasa natumia methotreksati mara moja kwa WIKI, si kila siku, maana kuikosea hapo ni hatari kubwa. Nimechagua Ijumaa ili nisisahau. Siku nyingine nameza asidi ya foliki, na damu yangu hupimwa mara kwa mara kwa ajili ya ini na chembechembe za damu. Haikutuliza maumivu siku ile wala mwezi ule, na nusura niiache kabla haijaanza kazi.

Hata hivyo dawa haikuni nazi. Kukalia mbuzi, magoti yamekunjwa na kifundo cha mkono kikizunguka, kulinimaliza kuliko kazi nyingine yoyote, kwa hiyo fundi alinitolea ulimi wa mbuzi na kuufunga kwenye ubao unaobanwa mezani. Mpini wa mwiko nimeuzungushia kitambaa uwe mnene, kwa kuwa mkono unaobana kitu chembamba huumia zaidi. Nguo nafua nusu leo, nusu kesho. Na mama aswali kwenye kiti, dini imeruhusu. Ramadhani aombe daktari ampangie upya saa za dawa, na hizi za maumivu zisiingie kwenye tumbo tupu.

Kijana wa Tudor:

Mbona hakuna aliyetaja chuku, yaani kuchanjwa na kuumikwa damu? Baba yangu hupigwa kila baada ya miezi miwili na hulala vizuri.

Tabibu Mstaafu, Kisauni:

Chuku, kama kuchuliwa na joto, hutuliza maumivu kwa muda, na kulala vizuri si jambo dogo kwa mgonjwa wa aina hii. Ila havirudishi gegedu, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asichanjwe.

Binti wa Kibokoni:

Nawashukuru nyote. Tulikwenda kwa daktari Jumanne. Presha ilikuwa 168 kwa 98, na kweli dawa zake ni zile mbili ulizozitaja, baba. Asubuhi hukakamaa kwa dakika kumi tu, na picha imeonyesha nafasi ya goti la kushoto imebana upande wa ndani. Amesimamishiwa vidonge vya diklofenaki, amepewa ya kupaka na dawa ya tumbo, na majibu ya figo tutayapata wiki ijayo. Chupa ya unga ilibaki kabatini hadi alipoona mwenyewe sukari yake imepanda. Hapo aliimwaga bila ya kuambiwa.

Mazoezi ya kiti anayafanya akisikiliza redio. Kiti cha kuswalia amekikubali kwa adhuhuri na alasiri, lakini alfajiri bado anasimama. Mbuzi ya mezani nimemtengenezea, na baada ya kuijaribu siku moja amesema nazi iliyokunwa juu ya meza haitoi tui.