Duka la mambo ya ngono limehamia mtaani kwetu Ohio: sheria ya kero ya umma inaweza kulifunga?

MamaWaWatatu
Wakubwa shikamooni, wengine habari za wikiendi. Naomba ushauri, hasa kwa mliokaa Marekani muda mrefu.

Niko Ohio, tuna nyumba kwenye mtaa uliokuwa umetulia. Jengo lililokuwa duka la mazulia limepata mpangaji mpya. Vioo vimepakwa rangi nyeusi, mlangoni taa ya zambarau, ndani wanauza video na vifaa vya ngono, na nyuma kuna vibanda vya kutazamia picha. Wangeishia kuuza, nisingekuja hapa. Shida ni mlango wa pembeni, unatazamana na uzio ambapo watoto wanasubiri basi la shule. Asubuhi natangulia na glavu na mfuko wa plastiki kuokota kondomu kabla wanangu hawajatoka. Saa nane usiku magari yamejipanga pale yananguruma, mtu anashuka hili anaingia lile.

Kamati ya mtaa inakusanya saini, wanataka duka lifungwe kama kero ya umma "kwa sababu linauza uchafu". Kuna mzee mmoja ameshaandika orodha ya majina ya video anazotaka zipigwe marufuku (sijui amezijuaje, sikumuuliza). Jambo hili linawezekana kisheria au tunajichosha?

Kibuyu
Dada, hama. Marekani hiyo, uhuru wa kujieleza unalinda mpaka upuuzi. Mtakula hasara ya wakili bure.

Mzee wa Trela
Msimsikilize Kibuyu. Piga picha namba za magari, tupia Facebook kila asubuhi. Wiki mbili hakuna mteja atakayesogea. Wake zao watawamalizia kazi.

Karani wa Korti
Mzee wa Trela, hiyo njia ya Facebook itamfanya mama wa watu awe mdaiwa badala ya mdai. Atabandika namba ya fundi aliyekuja kutengeneza friji ya jirani, halafu?

Dada, pole sana. Mimi nafanya kazi ofisi ya wakili huku, wakili mwenyewe si mimi, kwa hiyo mkifika hatua ya kufungua kesi tafuteni mwenye leseni.

Kamati yenu imechanganya madai mawili. Moja ni kwamba bidhaa za duka ni chafu. La pili ni kwamba pale mahali panafanyika vitendo. Sura ya 3767 ya sheria za Ohio inataja yote mawili kwenye maana ya kero, ndiyo maana watu huyaweka kwenye hati moja. Lakini la kwanza linakutana na Katiba uso kwa uso, la pili linapita pembeni.

Sheria za namna hii zilianzia Iowa mwaka 1909, shabaha ikiwa madanguro. Mwenye danguro akishtakiwa kwa jinai alilipa faini, jioni akafungua tena. Kwa shauri la madai, mahakama inalishika jengo lenyewe: amri ya zuio, samani nje, kufuli mwaka mzima. California wakafuata 1913, na majimbo mengine mengi. Miaka ya 1970 waendesha mashtaka wakaichukua sheria ileile wakaipeleka kwenye majumba ya sinema na maduka ya vitabu, wakaanza kukwama.

Walisahau kesi ya Near dhidi ya Minnesota, 1931. Minnesota walikuwa wametumia sheria ya kero kulifunga gazeti la Saturday Press la Minneapolis. Lilikuwa gazeti la matusi na chuki dhidi ya Wayahudi, hakuna wa kulililia. Hata hivyo Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 kwa 4, ilisema serikali haiwezi kuziba toleo la kesho kwa sababu ya makosa ya toleo la jana. Mwaka 1980 ikaja ya Texas, Vance dhidi ya Universal Amusement. Sheria ya kule iliruhusu kuzuia ukumbi usionyeshe filamu za baadaye, filamu ambazo hakuna jaji aliyeziona, kwa muda usio na kikomo. Ikatupwa.

Kwa hiyo orodha ya yule mzee, mwambieni aihifadhi nyumbani.

Kibuyu
Mkuu, hapo unanichanganya. Si picha chafu hazilindwi na Katiba? Kama hazilindwi, kwa nini duka lisifungwe?

Karani wa Korti
Hazilindwi kweli. Swali ni nani kaamua kwamba hii ni chafu. Tangu kesi ya Miller ya 1973 kuna vipimo vitatu, na vyote lazima vitimie: kazi nzima ikitazamwa kwa viwango vya jamii ya pale iwe inachochea tamaa chafu, ionyeshe ngono kwa namna ya kuchukiza iliyotajwa na sheria ya jimbo, na kazi nzima ikose thamani ya maana kifasihi, kisanaa, kisiasa au kisayansi. Unapima kitu kimoja kimoja. Ukishinda kwa video moja, bado maelfu rafuni hayajaguswa, na kesho wanaleta mzigo mwingine. "Ngono" na "uchafu" mbele ya sheria si kitu kimoja, na vingi vinavyouzwa kwenye maduka hayo vinapita.

Sasa geukia mwaka 1986, Arcara dhidi ya Cloud Books. Duka la vitabu vya ngono huko Kenmore, New York. Askari alijifanya mteja, akashuhudia watu wakifanya mambo yao humohumo dukani na wengine wakitongozana kwa malipo. Kesi haikugusa kitabu hata kimoja. Walisema: hili jengo linatumika kwa ukahaba na uasherati, lifungwe mwaka mmoja kwa sheria ya afya ya umma. Mwenye duka akalia uhuru wa kujieleza. Mahakama ya Juu ikamjibu kwamba kilichomponza ni vitendo, havina ujumbe wowote wa kulindwa, na kuweka vitabu hapo hakumpi kinga.

Dada, zile kondomu na ule mlango wa pembeni vina uzito kuliko saini zote za kamati.

Nyota ya Ziwa
Karani umeishia njiani. Kesi hiyohiyo ya Kenmore ilirudi New York, na mwaka huohuo mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikawanyima kufuli. Wakatumia katiba ya jimbo lao, wakasema serikali ioneshe kwanza kwamba hakuna njia nyepesi zaidi ya kukomesha vile vitendo, kwa mfano kuwakamata wahusika. Huwezi kufunga duka zima la vitabu kwa wahuni wa chumba cha nyuma kama kuwakamata kungetosha.

Nayasema haya kwa sababu naogopa sheria hizi. Leo ni duka la ngono, kesho mwendesha mashtaka mwenye uchaguzi mbele yake anapeleka kufuli kwenye duka la vitabu asivyovipenda. Mama nakuunga mkono kwa ule mlango, kwa rafu za vitabu siko nawe.

Karani wa Korti
Nyota, nakubali, nilipaswa kuimalizia. Ohio si lazima wafuate New York, lakini wakili wa duka ataileta. Ndiyo maana mnaanza na njia nyepesi na kuziandika: tulimwomba meneja afunge mlango wa pembeni, tulipiga polisi, tulimwandikia mwenye jengo. Mkifika kwa jaji msionekane mmeanzia kwenye kufuli.

MamaWaWatatu
Asanteni sana, nimejifunza mengi. Mzee wa orodha nimeongea naye, amenuna lakini atapona. Maswali mawili. Nani anafungua kesi, sisi au serikali? Na je, tukishinda, si watakata rufaa mpaka watoto wamalize shule?

Karani wa Korti
Ohio mwendesha mashtaka wa kaunti anaweza, mwanasheria wa jiji anaweza, na raia wa kaunti pia anaweza, kwa jina la jimbo. Raia akifungua mwenyewe anaweka dhamana isiyopungua dola 500, na mahakama ikiona hapakuwa na sababu ya msingi, gharama zinaweza kumwangukia. Ndiyo maana nasema mpelekeeni mwendesha mashtaka faili lililoiva abebe yeye.

Kuliivisha: ombeni polisi kumbukumbu za simu zilizopigwa kuhusu anwani ile. Ni rekodi za umma, hawana haki ya kukuuliza unazitakia nini. Kama kuna mtu ameshatiwa hatiani kwa ukahaba au uasherati pale, hukumu yake ni ushahidi mzito. Sifa ya mahali pale mtaani nayo inapokelewa. Picha pigeni za uwanja, zenye tarehe, nyuso na namba za magari acheni.

Mjue pia kwamba kufuli la mwaka si kaburi. Mwenye jengo akilipa gharama, akaweka dhamana ya thamani ya jengo na kuahidi kuikomesha kero, mahakama inaweza kulifungua mapema.

Kuhusu kukimbizana mahakamani, kesi maarufu ni ya jimboni kwenu, Huffman dhidi ya Pursue, 1975. Ukumbi wa sinema mjini Lima ulifungwa kwa sheria hii ya Ohio. Waendeshaji wake hawakukata rufaa jimboni, wakakimbilia mahakama ya shirikisho. Mahakama ya Juu ikasema hapana, kwa kawaida maliza kwanza ngazi za jimbo. Kwa hiyo wakiwatisha na mahakama ya shirikisho, msitetemeke haraka.

Halafu kuna kitu umekitaja kwa kupita tu. Umesema magari yamejaa saa nane usiku. Duka lenyewe linakuwa wazi?

MamaWaWatatu
Wazi kabisa. Taa inawaka, watu wanaingia na kutoka. Mume wangu anatoka kazini saa tisa anawakuta.

Karani wa Korti
Basi hamna haja ya kusubiri kesi ya kero. Tangu 2007 Ohio ina sheria ya jimbo inayokataza biashara za ngono kuwa wazi kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Waliolegezewa ni wenye leseni ya pombe. Ni kosa la jinai. Pigeni polisi saa saba usiku duka likiwa wazi, taja kifungu 2907.40, omba namba ya tukio. Kila namba ni karatasi moja kwenye faili lenu.

Nyota ya Ziwa
Na mpango miji. Tangu kesi ya Detroit ya 1976 na ya Renton ya 1986, miji inaruhusiwa kuyatenga maduka haya. Renton waliyaweka angalau futi 1,000 kutoka makazi, makanisa, bustani na shule. Jiji lenu likiwa na kanuni kama hiyo na hili duka limehamia juzi tu, huenda halikupaswa kupewa kibali pale. Hii naiunga mkono bila kigugumizi, wanahamishwa bila kuzibwa mdomo.

Mzee wa Trela
Haya, Facebook nimeifuta. Lakini mwenye jengo mbona hamumzungumzii? Huyo ndiye anayekula kodi.

Karani wa Korti
Leo umenena mzee. Ile kesi ya Texas ilianza hivyohivyo: mwanasheria wa kaunti alimdokeza mwenye jengo kwamba anakuja na zuio, mwenye jengo akamwandikia mpangaji notisi ya kuvunja mkataba. Sheria ilikuja kutupwa baadaye, ila uone nani aliogopa kwanza. Dada, ingia tovuti ya mkaguzi wa kaunti, andika anwani, jina la mmiliki litatokea.

MamaWaWatatu
Nimeingia sasa hivi. Linaonesha jina la kampuni tu na sanduku la posta la mji mwingine.

Karani wa Korti
Kampuni ya Ohio lazima iwe na wakala wa kupokea hati za kisheria. Mtafute kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo kwa jina la kampuni. Barua itumeni kwa wakala huyo kwa rejista, muambatanishe namba za matukio ya polisi, na nakala mpeleke kwa mwendesha mashtaka wa kaunti. Video msizitaje hata kwa mstari mmoja.