"Paa si limefunga?" Mtu kanivunjia darubini halafu ananiuliza swali!

Falaki Mchovu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimerukana mnisamehe.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule anayejibu uzi wako kabla hujamaliza kuuandika. Mwenye picha ya Zohali aliyoikuza mpaka sayari imekuwa kama mtu aliyevaa kofia pana. Anayefunga kila jibu kwa "ni rahisi sana". Huyo huyo, msijifanye kukuna vichwa.

Miaka yote paa la chumba changu cha darubini nimelisukuma kwa mkono. Kilo karibu 200 za mbao na bati juu ya reli mbili, kila usiku naingia na mgongo wa binadamu natoka na mgongo wa kobe. Nikasema hapa tu, mtu anaomba msaada wa kuweka mota ili na yeye alale kidogo wakati kamera inapiga picha zake za dakika tano tano. Mvua ikija paa lijifunge lenyewe, basi. Hicho tu ndicho nilichoomba duniani.

Akajitokeza. "Ni rahisi sana." Kaja na mota ya geti, reli ya meno, Arduino ile kompyuta ndogo ya kuamrisha vifaa, rilei za kuwasha na kuzima umeme, na sensa ya kupima joto la anga. Hiyo sensa sina ugomvi nayo, iko vizuri: anga ikiwa safi inasoma baridi kali, wingu likipita joto linapanda, inajua. Ndiyo kitu pekee chenye akili katika mradi mzima, pamoja na sisi wawili.

Leo ndiyo majaribio. Darubini imeinuliwa juu inaangalia galaksi ya Andromeda. Kikapita kiwingu, tena kiwingu chenyewe kama leso ya mtoto. Sensa ikakiona. Mtaalamu akapiga makofi: "Umeona? Umeona imekiona!" Nikamwambia ndugu yangu, darubini bado imesimama. "Subiri, inajiegesha."

Ni kweli ilikuwa inajiegesha. Polepole, kwa adabu zake, kama bibi arusi. Kutoka pale ilipokuwa mpaka ilale chini ya usawa wa paa inahitaji dakika moja na nusu. Sasa nisikilizeni. Kwenye programu yake mwenzenu kaandika: iamrishe darubini ilale, hesabu sekunde 30, funga paa. Hakuiuliza darubini kama imefika! Ni sawa na kumwambia mtu "toa vidole mlangoni", unahesabu mpaka tatu, unaubamiza mlango ukiwa umegeukia ukutani.

KRRRRAAAAK.

Kile kidarubini cha kulengea kimeruka mpaka nje, sijakiona hadi sasa, huenda kiko kwenye mzunguko wa dunia. Bomba limepinda. Kamera inaning'inia kwa kebo kama popo. Kioo cha milimita 200 sijathubutu kukitazama, nimekifunika shuka kama maiti.

Nikageuka. Mtu kakunja mikono kifuani. Kaangalia juu, kaangalia reli, kajifuta vumbi kwenye suruali. Akasema:

"Paa si limefunga?"

PAA SI LIMEFUNGA?

Wakuu, mwanga ule umetoka Andromeda miaka milioni 2.5 iliyopita. Umevuka utupu wote ule, haukugongana na kitu chochote, umebakiza mita moja uingie kwenye kioo changu, ukakutana na bati la mtu anayesema ni rahisi sana. Halafu ananiuliza kama paa limefunga. Ndiyo, limefunga! Hata jeneza hufunga!

Na mota yenyewe ilitakiwa ikigonga kitu isimame irudi nyuma, mota nyingi za geti zina kipimo cha nguvu. Yeye paa lilipokuwa zito kusukumika akakizungusha kile kipimo mpaka mwisho. Lile jicho la geti linalotazamana na mwenzake, kitu kikipita kati yao mota isimame, nalo kaliweka usawa wa goti. Goti! Kwa hiyo paka wangu yuko salama kabisa, darubini ndiyo iende zake.

Sitaki ushauri. Nataka mtu mmoja tu aniambie, ungekuwa wewe umesimama pale, umeambiwa "paa si limefunga?", ungefanyaje?

---

Kimondo

Natandika mkeka. Uzi huu unalala mtu hapa.

---

Lenzi Chafu

Pole sana mkuu. Huyo huyo kwangu alisema swichi za mwisho wa reli ni mapambo, "mota inajua yenyewe pa kuishia". Mota haikujua. Paa lilipita mwisho wa reli likaendelea na safari zake mpaka likaegemea mti. Nilipompigia akaniambia niangalie upande mzuri, sasa naona anga lote.

---

Kwa Mkono Tu

Mimi paa langu nasukuma. Sensa ninazo mbili, zinaitwa macho. Kipimo cha nguvu ninacho, kinaitwa kuchoka. Sijawahi kugonga kitu miaka yote. Endeleeni na rilei zenu.

---

Mpita Njia

Samahani wakubwa, nimepita tu. Hiki ni chumba cha kufanyia nini mpaka paa litoke? Hamuogopi kunyeshewa?

---

Kimondo

> Hamuogopi kunyeshewa?

Swali la msingi kuliko uzi wote.

---

Bi Zuhura

Pole kaka. Nina swali dogo. Rimoti ilikuwa mkononi mwa nani?

---

Falaki Mchovu

Kwangu dada. Ila hilo halihusiani.

---

Bi Zuhura

Ulibonyeza?

---

Falaki Mchovu

Kwani wewe ungeona paa linaila darubini yako ungekaa unapiga miluzi? Nilibonyeza, ndiyo.

---

Bi Zuhura

Mara ngapi?

---

Falaki Mchovu

Kama mara nne hivi. Nilikuwa na hofu. Turudi kwenye mada, mtu kaniambia PAA SI LIMEFUNGA.

---

Bi Zuhura

Haya. Rimoti za geti nyingi zina kitufe kimoja, na kila ukibonyeza inapiga hatua moja: fungua, simama, funga, simama. Paa lilikuwa linafunga. Ulipobonyeza mara ya kwanza lilisimama. Ya pili likaanza kufunguka. Ya tatu likasimama. Ya nne likaanza kufunga upya.

Mara ya kwanza ingekutosha kaka. Mara mbili ingekuwa vizuri zaidi.

---

Kimondo

Ngoja ngoja ngoja. Kwa hiyo darubini imegongwa MARA MBILI? Na ya pili kaagiza mwenyewe??

Mkeka hautoshi, naleta godoro.

---

Lenzi Chafu

Mkuu nilikuwa upande wako mpaka jibu la tisa.

---

Falaki Mchovu

Na nani aliyeleta mota ya kitufe kimoja?! Hata kompyuta yenyewe haijui paa linaelekea wapi, inatuma pigo inaomba Mungu. Nilimwambia aweke njia mbili, rilei moja ya kufungua na nyingine ya kufunga, ASCOM, ile programu inayounganisha kompyuta na vifaa vya darubini, ijue imeagiza nini na swichi za reli zithibitishe. Akasema ni kupoteza waya. Waya! Mimi leo nimepoteza darubini, yeye anaokoa waya.

Halafu mnasahau kilichonileta hapa. Mikono kakunja kifuani. Kajifuta vumbi. "Paa si limefunga?"

---

Nyota ya Jaha

Mimi simjui mhusika, nimejiunga jana. Ila nikiongea kitaalamu tu, kazi ya paa ni kufunga. Mvua ingenyesha mngemsifu. Na darubini ya mtu makini huegeshwa mapema. Mambo haya ni rahisi sana.

---

Lenzi Chafu

NI WEWE.

---

Kimondo

Hahahahaha kajiunga jana, picha ya wasifu ni Zohali mwenye kofia.

---

Nyota ya Jaha

Zohali ni ya watu wote.

---

Bi Zuhura

Wewe uliyejiunga jana, nikwambie kitu. Ulinzi wa namna hii hauandikwi kwenye programu peke yake. Unaweka swichi ya sumaku kwenye kiweko, yaani stendi inayobeba darubini, pale darubini inapolala, unaipitisha kwenye waya uleule wa rilei ya kufunga. Darubini haijalala, umeme haupiti, hata kompyuta ipige kelele namna gani. Programu hukwama, kompyuta hujizima katikati, waya hausahau. Na jicho la geti lipande juu, usawa wa ukingo wa chini wa paa, kwa sababu kinachogongwa kiko huko. Paka ana miguu.

---

Nyota ya Jaha

Nilikuwa natarajia kuweka hiyo wiki ijayo.

Namaanisha, huenda mhusika alikuwa anatarajia.

---

Falaki Mchovu

Nitakufa.

---

Kuba la Bati

Ndiyo maana tuliwaambia jengeni kuba. Kuba halina cha kugonga, darubini inazunguka humo ndani kwa raha zake, umande haufiki, upepo haufiki. Watu wa paa la kuteleza wabishi.

---

Kwa Mkono Tu

Kuba lako lenyewe lazima lizunguke kufuata anga linalosogea nyuzi 15 kila saa, likichelewa kidogo unapiga picha ya ukuta. Juzi hapa ulituwekea nebula mpya, wingu la gesi la huko angani, eti umegundua, tukakuta ni ukingo wa dirisha la kuba.

---

Kuba la Bati

Ile ilikuwa nebula.

---

Kwa Mkono Tu

Ilikuwa na misumari.

---

Usingizi Sifuri

Nyie mnalialia na mapaa, mna bahati hamjui. Mimi paa linafunguka vizuri, linafunga vizuri, swichi zote zipo. Nikifungua naona nini? TAA YA JIRANI. Kaweka nyeupe kali inayochoma macho, imeelekezwa angani, sijui anamulikia malaika njia. Nilienda kwa ustaarabu nikamwomba aielekeze chini. Akaongeza ya pili.

---

Lenzi Chafu

Nyeupe ndizo mbaya kuliko zote mkuu. Rangi ya buluu iliyomo ndani yake inatawanyika angani kirahisi, inafunika kila kitu. Zamani zile taa za manjano za sodiamu ungeweza kuzikata kwa chujio, mwanga wake umekaa sehemu moja, nanomita 589. Hizi za sasa utachuja nini, zina kila rangi.

---

Kimondo

Jirani kaongeza ya pili, nimekufa.

---

Mikanda ya Satelaiti

Taa unaweza kumshtaki mtu. Mimi nimshtaki nani? Tangu ule msururu wa kwanza wa satelaiti 60 za Starlink uliporushwa Mei 2019, picha zangu zina michirizi kama daftari la mwaka wa kwanza. Usiku wa jana fremu 40, safi tatu.

---

Bi Zuhura

Wewe unapiga muda gani wa usiku? Za chini zile, kilomita kama 550 hivi, zinang'aa zaidi jioni na alfajiri jua likiwa bado linazifikia. Katikati ya usiku nyingi zinaingia kwenye kivuli cha dunia. Piga fremu nyingi fupi fupi, kisha programu ya kuunganisha itazitupa pikseli zenye mchirizi.

---

Mikanda ya Satelaiti

Dada fremu fupi nimezijaribu, diski imejaa, kompyuta ikalala katikati. Hilo nalo ni uzi wake.

---

Falaki Mchovu

Jamani, hii ni mada ya paa. Mwenzenu nimeambiwa "paa si

---

Kimondo

> "paa si

Hata kitufe cha kutuma unabonyeza kabla ya wakati mkuu.

---

Usingizi Sifuri

Mpaka sasa ninavyoandika hiyo taa ya pili inawaka, na haina hata mtu chini yake. Inamulika ukuta wangu na nusu ya kundi la Orioni. Nimefikiria nimnunulie kifuniko cha taa nimpelekee kama zawadi.

---

Kuba la Bati

Kuba lingekuzuia mwanga wa pembeni.

---

Wote Wawili na Umande

Mbona hamzungumzii umande? Lenzi yangu inalia machozi kuanzia saa nne usiku.

---

Bi Zuhura

Usingizi Sifuri, kabla ya kifuniko mwombe abadilishe taa yenyewe kwanza. Iwe ya mwanga wa kuelekea manjano, isiyozidi kelvini 3000, na iwe na kitambuzi cha mtu kupita. Mweleze kwamba taa inayowaka usiku kucha hamshtui mwizi, ila inayowaka ghafla itamshtua. Wengi hukubali hapo, si kwa sababu ya nyota.

---

Usingizi Sifuri

Nitajaribu dada. Akiongeza ya tatu narudi hapa.

---

Falaki Mchovu

Hiyo ya kitambuzi mmeijaribu mkaona inafanya kazi? Kwa sababu na mimi upande wa mashariki nina jirani kaweka moja juu ya paa lake, usiku nikifungua ni mchana. Nilikuwa sijaileta hapa kwa sababu nilikuwa na hili la paa. Ya kwake ni nyeupe pia, lakini hiyo inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, hata paka akipita...