Hivi muvi ya mzimu inayochekesha inaweza kukutisha kweli?

mtazamaji_wa_usiku
Wadau habari zenu. Juzi nimeangalia Pee Mak, ile ya Thailand ya mwaka 2013, na tangu hapo kuna kitu kinanisumbua. Kwa wasioijua, Mak anarudi kutoka vitani na washkaji zake wanne, nyumbani anamkuta mkewe Nak na mtoto mchanga, kumbe kijiji kizima kinajua Nak alishafariki na anayeishi pale ni mzimu wake. Wale washkaji nimewacheka mpaka machozi, kila mtu anamsukuma mwenzake akamwambie Mak ukweli, afu ghafla mkono wa Nak unarefuka na mi kicheko kikakata palepale, nikaenda kuwasha taa. Rafiki yangu anabisha, anasema muvi ikishachekesha hofu imekufa hapo hapo. Sasa mbona mi niliogopa?

Bi_Sinema
Rafiki yako amekosea, tena sana. Angalia nani anachekesha pale. Ni wale waoga wanne, Nak mwenyewe yuko siriasi, anampenda mumewe na hataki kutenganishwa naye, basi. Siku mzimu akianza kutupia vichekesho na yeye, hofu inaondoka. Halafu dairekta wake ni Banjong Pisanthanakun, huyu ndiye mmoja wa wale wawili walioongoza Shutter ya 2004, na ile haina masihara hata kidogo, kwa hiyo kutisha alikujua kabla ya hapo. Utani na kushtua vinajengwa kwa njia moja, unamsubirisha mtu, unamsubirisha, afu unamwachia, tofauti ni kwamba hapo mwisho hajui atapewa kicheko au mkono mrefu.

kivuli77
Dada nakuheshimu ila hiyo sheria yako haishiki kila mahali. Beetlejuice ya Tim Burton ya 1988, mzimu ndiye mchekeshaji mkuu mwenyewe na muvi bado tamu. Kweli haikunitisha, lakini kuna Adam na Barbara, wamekufa, wanahangaika kuwatisha watu waliohamia nyumbani kwao na hakuna anayeshtuka, mi ile iliniuma kweli, yaani umekufa na bado nyumba yako huwezi kuilinda.
Kwa anayetaka hofu na kicheko kwa pamoja atafute Stree, ya India, 2018. Mzimu wa mwanamke anachukua wanaume usiku zinabaki nguo tu, na watu wameandika ukutani "ewe mwanamke njoo kesho", naye akisoma anaondoka, kesho yake tena hivyo hivyo. Unacheka, lakini ghafla wanaume ndio wanaoogopa kutoka usiku na kutembea peke yao, na ukifikiri ni nani siku zote anayeishi na hiyo hofu kicheko kinabadilika ladha.

mzee_wa_reli
Mkuu uliyeuliza, rudia Ghostbusters ya 1984 mwanzoni kule maktaba ya New York. Wale jamaa wanaochunguza mizimu wanamkuta mzimu wa bibi anasoma kitabu kimya, wao wananong'ona hawana mpango wowote, wanachekesha, afu wanajaribu kumkamata na yeye anageuka sura. Ukicheka mabega yanashuka, pumzi inatoka, mwili umejiachia kabisa, sasa hapo ukishtuliwa huna cha kujikinga. Muvi ya kutisha mwanzo mwisho unakuwa umejikaza saa nzima, inafika mahali unazoea.

mtazamaji_wa_usiku
Aisee hiyo ya mabega ndo yenyewe, mi nilikuwa nimejilaza kabisa.

Bi_Sinema
kivuli77 nimekubali kwa Beetlejuice, umenishika. Ila nyongeza moja kuhusu Nak. Hadithi yake ni ya zamani sana kule Thailand, hata mkono wenyewe umo, anadondosha ndimu chini ya nyumba na anaufikisha mpaka chini kuiokota, na Bangkok kuna mahali watu wanaenda mpaka leo kumwomba. Mwaka 1999 ilitoka Nang Nak, kisa hicho hicho bila vichekesho, nililia. Kwenye Pee Mak nilishacheka naye mezani, nikamzoea kama shemeji, kwa hiyo walipoanza kutafuta namna ya kumwondoa sikuwa namwogopa yeye tena, nilikuwa naogopa watafanikiwa.

mtazamaji_wa_usiku
Dada hapo umenigusa. Leo usiku naiangalia tena, na rafiki yangu nimeshamwambia aje.