Uzamifu wa ikolojia ya jamii: nianzie wapi nikiwa Kisumu?

Mwalimu_Dunga:
Wakuu, hamjambo. Nina uzamili wa biolojia, nafundisha sekondari hapa Kisumu. Nataka uzamifu wa ikolojia ya jamii za viumbe. (Mjomba aliposikia "jamii" aliuliza kama nitagawa neti za mbu vijijini.) Nimewaandikia maprofesa tisa barua ileile, kwamba napenda sana mazingira. Wawili wamejibu: "tutakujulisha". Nakosea wapi?

Heroe_Nakuru:
Mwalimu, umejijibu hapo kwenye "ileile". Nami nilihangaika hivyo miezi minane. Kilichonifungulia mlango ni ukurasa mmoja juu ya samaki. Ziwa Nakuru halikuwa na samaki mpaka walipoletwa perege wadogo kutoka Magadi, miaka ya 1950 na 1960. Mwari, wale ndege wala samaki, wakafuata chakula, wakajaa. Nikauliza: sasa maji yamepanda, chumvi imezimuliwa, mwani unaoliwa na heroe (flamingo) umepungua na heroe wengi wamehamia Ziwa Bogoria, mezani amebaki nani, na anakula nini? Msimamizi alinijibu siku ya tatu, na maswali kumi na moja juu.

Halafu njia ni mbili. Ujerumani na Uholanzi nafasi nyingi hutangazwa kama kazi: mradi upo, mshahara upo, wewe unaomba. Kwetu mara nyingi unakuja na swali lako, kisha unasaka fedha, kwa mfano DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, iombe mapema, na ukitaka kuingia hifadhini, kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori) pia. Mimi nilizembea kuomba, chupa zangu za sampuli zikazunguka tupu kwenye buti la Probox msimu mzima wa mvua.

Siafu_Kakamega:
Naongezea: usiishie kuuliza spishi ziko ngapi. Huku msituni kuna ndege wanaoandama misafara ya siafu, wanadaka wadudu wanaotimuliwa. Siafu wakiadimika, ndege hao wataenda wapi? Swali la namna hiyo ndilo profesa analisoma mpaka mwisho.

Mwalimu_Dunga:
Kumbe ninalo! Gugu maji likiziba ufuo, wavuvi hapa husema mbuta anapotea karibu na nchi kavu, ila kamongo na mumi wanaongezeka. Nimekuwa nikilichukulia kama porojo za kupimia samaki. Jumamosi alfajiri niko ufuoni na daftari, ndoo kwa ndoo.